Fremu ya Futi, Mlango wa Sentimita

Fundi seremala, mkali kama pilipili, alipima fremu kwa futi na inchi kama alivyofundishwa na marehemu baba yake. Binti yake akaukata mlango kwa sentimita.

"Sentimita ni za watoto wa shule! Tutaona!" fundi alifoka siku ya kuupachika, randa mkononi, maana hakuna mlango aliokata yeye uliowahi kuingia bila kurandwa kwanza.

Wakauinua pamoja, wakakaza bawaba. Binti akausukuma kwa kidole. Ukafunga kimya, haukugusa popote.

Fundi akaificha randa mgongoni.

"Nani kapima mlango huu?" akauliza mteja aliyekuwa akiwatazama.

Fundi akajibu kifua mbele: "Ukitaka hadithi za futi, njoo kwangu. Ukitaka mlango unaofunga, muone binti yangu."