Wanavuma Ukutani

Mwalimu alikuwa amefundisha milio kwa miaka kumi na tisa. Watoto wa darasa la tano waliimba naye mpaka vioo vya madirisha vikatetemeka: paka hulia nyau, simba hunguruma, nyuki huvuma. Na mtoto akikosea upatanisho wa sentensi, alama ilikatwa pale pale, bila msalie Mtume.

Nyumbani kwake alikuwapo mama yake mzazi, aliyehamia kwa bintiye huyu baada ya kuvunjika nyonga. Mama huyu alikuwa na wimbo mmoja, asubuhi na jioni.

"Wanavuma, mwanangu."

"Nani hao, mama?"

"Sijui. Wako hapa nyuma ya kitanda. Polepole, kama watu wanaoimba wamefumba midomo."

Mwalimu alitega sikio kwenye mbao zilizofunika ukuta mara moja tu, redio ya jirani ikipiga kelele, asisikie kitu. "Ni masikio yako hayo. Halafu sema kunavuma. Ukisema wanavuma, hao ni watu au wadudu."

"Ndiyo hao hao," mama alijibu.

Likaingia sikio hili likatokea lile. Daktari wa masikio akasema uzee hauji mikono mitupu, huja na kelele zake, akaandika vidonge vya kutwa mara tatu. Vidonge vile vilimlaza mama wa watu mchana kutwa, mdomo wazi, udenda shavuni. Mwalimu akampigia simu kaka yake. "Mama ameanza kutuacha," alisema. Kaka akaamua kuwa mama asipewe tena ufunguo wa mlango. Hakupewa.

Jumamosi moja asubuhi fundi umeme alikuja kuongeza soketi chumbani mle. Alisogeza kitanda, mama akiwa amekikalia, akapima kwa penseli.

"Baba, hapo usitoboe," mama alisema. "Wamo."

Mwalimu alimkonyeza fundi. Fundi akatabasamu. "Usijali, bibi, nitawapigia hodi." Akagonga ubao mara mbili kwa kiwiko, akawasha drili.

Ncha ilizama ghafla, kana kwamba nyuma ya ubao hapakuwa na kitu. Alipoichomoa ilikuwa ikichuruzika uji mzito wa rangi ya chai. Fundi akaugusa, akaunusa. Hapo ukuta mzima ukaitika.

Nyuki walifoka kutoka kwenye tundu lile kama maji ya bomba lililopasuka. Fundi alitoka mbio na kiatu kimoja. Mwalimu yeye aliganda pale mlangoni. Mama alikuwa amejigubika shuka mpaka kichwani.

"Umesimama kunitazama?" sauti ilitoka ndani ya shuka. "Nibebe!"

Akambeba. Hakujua nguvu zimetoka wapi; alijikuta yuko barazani kwa jirani, mama kifuani, nyuki kwenye nywele.

Mchana akaja mrina asali na moshi wake. Alibandua mbao nne, kisha akamwita Mwalimu aje aone, akimpa wavu wa kufunika uso. Kati ya mbao na matofali yalining'inia masega kutoka darini hadi sakafuni, marefu kumpita mtu.

"Hawa wana miaka mitatu, minne," alisema mrina. "Nani alikuwa akilala hapa?"

"Mama yangu."

"Na hakuwasikia?"

Mwalimu alishika fremu ya mlango. Mwaka mzima na miezi mitano tangu mama ahamie. Vidonge vitatu kwa siku. Alijaribu kuzidisha, akashindwa, yeye anayefundisha na hesabu.

"Alisikia," alisema hatimaye. "Alituambia kila siku."

Mrina alimtazama, akarudi kwenye kazi yake.

Barazani, mama alikuwa amevimba jicho moja na mdomo. Mwalimu alipiga magoti mbele yake, akaanza kuikwangua miiba iliyosalia kwa ukucha, mmoja mmoja, shingoni, mikononi, nyuma ya sikio.

"Wangekuua, mama. Wangekuua na mimi nakucheka."

"Hawakuwa na neno na mimi. Tulishazoeana."

"Nisamehe."

Jirani aliyeleta maji alijua adabu, akaweka kikombe chini akaingia ndani.

"Nitakusamehe," mama alisema, akiinamisha kichwa ili bintiye aufikie mwiba mwingine. "Lakini si leo, mwanangu. Leo nimechoka, na uso unawaka."

"Sawa, mama."

"Na huo wa kwenye kope, utoe taratibu."