Ya Mama Ipungue Polepole

Bi Mwamini alifika Kibiti na ufunguo wa nyumba yake ya Chumbi pindoni mwa kanga, umefungwa mafundo mawili, na kila alipokaa aliupapasa kuona kama bado upo. Alikuwa ameshaahidi. Ijumaa ufunguo ule ungekwenda kwa Iddy, mtoto wa dada yake, aliyeoa na hana pa kumweka mke. Yeye angehamia huku kwa mwanawe Abbasi, kwenye nyumba mpya, chumba cha karibu na mlango wa uani. Nyumba ukishamkabidhi bwana harusi, humwambii tena toka. Ndiyo maana alikuja kwanza kupaangalia anapokwenda.

Abbasi mwenyewe alikuwa safarini Mtwara na lori, kwa hiyo mambo ya nyumba aliyashika mkewe, Rukaiya. Asubuhi ya siku ya tatu mkwe na mama mkwe wakatoka kwenda kuchagua swichi za taa kwa Fabiani, fundi umeme, mtu wa bara mwenye duka kando ya barabara kuu. Bi Mwamini alijua swichi ni swichi, unabonya juu, unabonya chini, basi. Kumbe ziko za kila namna. Fabiani akampangia mezani. Moja ilikuwa na kitufe cha mviringo. Ukikizungusha mwanga unapanda, ukikirudisha unashuka. Nyingine haikuwa na kitufe wala alama, uso mtupu kama kioo cha simu, na hiyo, alivyoeleza Fabiani, unaigusa tu, au huigusi kabisa, unaiamuru kwa simu hata ukiwa Dar es Salaam.

"Hii sasa ndiyo swichi janja, bibi."

Bi Mwamini akaurudisha mkono wake. "Inamfanyia nani ujanja?"

Fabiani akacheka, akasema ni jina tu, kama vile watu wanavyosema simu janja. Bi Mwamini hakucheka. Kwao Chumbi janja ni ngedere anayesubiri mwenye shamba aende kuswali ndipo aingie kwenye mahindi. Mtu mjanja utamkaribisha, utamwekea chai, utamsindikiza mpaka njiani, lakini humjengei ukutani ukalala naye. Akasema mbele yao wote wawili kwamba sebuleni waweke wanachokitaka, ila chumbani kwake asikute kitu cha janja. Rukaiya akaitikia sawa mama, akainamisha macho. Aliitikia upesi mno. Upesi ule Bi Mwamini aliuona, akaondoka nao moyoni.

Alasiri fundi akaja na begi lake, akaingia ndani kufunga. Bi Mwamini alikuwa uani, chini ya dirisha la chumba chake ambalo lilikuwa bado halijatiwa kioo, anatia udhu. Akasikia sauti ya Rukaiya, ya chinichini.

"Ya mama usiizime ghafla. Ipunguze kidogo kidogo, mwenyewe hata asijue, mpaka izime."

"Si zote zinazokubali," fundi akajibu. "Nyingine ukianza kuzipunguza zinatetemeka."

"Tafuta njia. Na kwanza asiambiwe."

Bi Mwamini akabaki amesimama, mguu mmoja umeoshwa, mwingine mkavu.

Ya mama. Ya mama nini? Yeye alikuwa bingwa wa vitendawili tangu yuko darasa la tatu. Watoto wenzake walikuwa wakishindwa wanampa miji, Utete, Kilwa, Mafia, mpaka miji wanayoijua ikaisha wakaanza kumpa ya Uarabuni. Basi alipomaliza kuswali akakaa palepale juu ya mkeka akaanza kufumbua. Nafasi ya mama? Nafasi hupunguzwa, naam. Leo chumba cha karibu na mlango, kesho kona ya sebule, keshokutwa rudi ulikotoka, na ulikotoka yumo Iddy na mkewe. Lakini nafasi haizimi. Heshima ya mama? Hiyo nayo hupungua, nyumba ngapi ameziona, lakini haitetemeki. Dawa ya mama? Dawa yake ya presha ilikuwa inashikwa na Rukaiya, yeye ndiye anayemtolea kila asubuhi. Kitu cha mwanadamu kinachopungua, kikatetemeka, kikazima, alikuwa anakijua kimoja tu, nacho huitwa kwa "ya" vilevile. Roho ya mama.

Rukaiya akamletea chai na mihogo ya kuchemsha. Bi Mwamini akapiga funda moja akalishikilia mdomoni. Sukari hakuna. Yaani ilikuwemo, lakini kama mgeni aliyepiga hodi akaondoka bila kuingia. Akakumbuka chai ya asubuhi ilikuwa hivyohivyo, na ya jana yake nayo haikuwa na maana. Kidogo kidogo, mwenyewe hata asijue. Akameza, akamtazama mkwewe kama anavyotazama gunia la mpunga lililofungwa na mtu mwingine.

"Chai vipi, mama?"

"Imenyamaza."

Akalipapasa pindo la kanga. Angeweza kunyanyuka saa ileile, akapanda gari la Ikwiriri, akavuka daraja na kuingia Chumbi jua halijazama, akamwambia Iddy atafute pengine. Lakini yeye atamwambia Abbasi nini? Kwamba ameikimbia nyumba yake kwa ajili ya neno lililokosa jina? Na kumuuliza Rukaiya waziwazi aliogopa, kwa sababu mwenye jambo lake ukimuuliza anakupa jibu alilokwisha kulipika. Akaona amuulize kwa njia anayoiweza yeye. Akangoja mpaka fundi alipotoka barazani kufuta mikono, ili wawepo wote wawili.

"Kitendawili," akasema.

Rukaiya akatabasamu, maana mchezo huo wa mama mkwe aliuzoea. "Tega."

"Ya mama. Inapunguzwa kidogo kidogo, mwenyewe hajui, mpaka inazima."

Tabasamu likamtoka Rukaiya. Akamtazama fundi, na fundi akaitazama bisibisi yake kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. Hapo Bi Mwamini akajua hakusikia vibaya.

Rukaiya akasema taratibu, "Nimeshindwa, mama. Chukua mji."

"Mji gani?"

"Kibiti. Nakupa Kibiti yote."

Ukishapewa mji, mchezo unataka uueleze ulivyoukuta na vinono ulivyokula huko, halafu ndipo utoe jibu. Bi Mwamini akaanza kama ilivyo desturi.

"Nimekwenda Kibiti, nimepokewa vizuri. Nikapewa chumba cha karibu na mlango. Nikapewa chai."

Akakwama. Tangu azaliwe hakuwahi kutega kitendawili asichokijua jibu.

"Nikapewa chai isiyo na sukari," akasema. "Jibu mnalo nyinyi. Kama ni roho yangu, niambieni, nikazimikie kwangu."

Rukaiya akashika kichwa. Hakujitetea. Alimshika mama mkwe mkono akamwingiza chumbani, fundi nyuma yao, akatundika kanga mbili dirishani mpaka chumba kikawa giza. Akamwambia fundi awashe.

Taa ikawaka darini, kali. Kisha ikaanza kushuka. Haikukatika. Ilishuka kama mtu anayeteremka ngazi na mtoto usingizini mgongoni. Kona za chumba zikaondoka, ukuta ukaondoka, ikabaki punje tu ya mwanga, na ile punje nayo ikaenda.

Bi Mwamini akasimama gizani. Taa hii alikuwa anaijua. Ndivyo ilivyokuwa ikifa koroboi yake ya Chumbi. Usiku mmoja mumewe alitoka kwenda kulinda mpunga usiliwe na viboko, akaipuliza koroboi ili asimwamshe mkewe, na hakurudi mzima. Tangu hapo Bi Mwamini hakuipuliza taa tena. Alitia mafuta kiasi cha kumfikisha usingizini, ikajifia yenyewe. Hakumweleza mtu, wala Abbasi.

"Jibu ni taa," Rukaiya akasema. "Taa ya mama. Nililala chumbani kwako arobaini nzima nilipomzaa Saidy. Nikaona hupulizi. Sasa ya janja ulishaikataa dukani, nikasema usiambiwe kwanza, uione, ndipo uikatae."

Fabiani akakohoa, akaeleza kwamba balbu ya kwanza ndiyo iliyomtesa, maana balbu za kawaida ukizipunguza zinapepesa na kulia kama mbu, ikabidi afuate ile inayokubali.

Bi Mwamini akaondoa kanga dirishani mwanga ukaingia. Akauliza ni nani aliyekuwa akiishusha taa muda ule. Rukaiya akaonyesha simu yake.

"Basi ujanja uko hapo," akasema Bi Mwamini. "Wewe uko sokoni unachagua nyanya, mimi huku natiwa gizani. Fundi, nifungie ile ya kuzungusha. Mkono uwe wangu."

Fabiani akarudi dukani kuifuata. Wakabaki wawili, wamekaa kwenye mkeka, na Bi Mwamini akauliza bila kumtazama mwenzake, "Na sukari?"

Rukaiya akachezea ukingo wa mkeka. "Hiyo nimeipunguza kweli, mama. Kule kliniki waliniambia, na mimi nakujua, ningekwambia ungegoma."

"Kumbe."

Akafungua fundo la kwanza la kanga. La pili akaliacha. Fundi aliporudi akafunga ile swichi, Bi Mwamini akatundika zile kanga tena kwa mikono yake, akaizungusha mwenyewe mpaka punje, akaipandisha, akaizungusha tena mpaka punje. Halafu akalifungua fundo la pili kwa meno, akautoa ufunguo.

"Mpelekee Iddy," akamwambia mkwewe. "Na kuanzia kesho, dawa yangu na kopo la sukari naviona kwa macho yangu."