Nzi Mkavu Kofiani

Mkwe, dereva ambaye domo lake halikujua breki, alirudi kutoka mlimani akipiga mluzi, na samaki mnene aina ya trauti kikapuni. Trauti wa vijito vyembamba vya huko ni wajanja. Kivuli kikigusa maji tu, wametoweka. Baba mkwe, fundi saa mstaafu aliyebakiwa na jicho moja, tena lenye ukungu, alikuwa amemaliza siku mbili akimfungia nzi wa bandia wa kuvulia kwa kupapasa: uzi na manyoya juu ya ndoana.

"Umempata?" mzee aliuliza hata kabla ya salamu.

"Nimempata, baba! Nilimrusha nzi wako mara moja tu, akadakwa!"

Uongo mtupu. Pale kijitoni alimtazama yule nzi, akaona bawa limekwenda upande, akamchomeka kofiani. Kisha akachimbua nyungunyungu chini ya jiwe, akamtumia huyo kama chambo.

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Na jana nilimwambia mke wako mikono hii imekwisha! Lete kisu."

Hapo ndipo mkwe alipokumbuka. Mzee hakuwa akila trauti bila kumpasua kwanza, ajue samaki huyo amekula wadudu gani, ili nzi atakaowafunga wafanane nao. Vidole vyake viliingia tumboni mwa samaki, vikasimama. Vikatoka na kipande kirefu, laini. Akakipapasa mwanzo hadi mwisho.

"Nyungunyungu," alisema polepole. "Kumbe trauti walimkataa nzi wangu. Ukanionea huruma, mwanangu. Asante, lakini ungeniambia tu."

Mlango wa kutokea ulikuwa wazi kabisa. Kuitikia tu, yaishe. Mkwe akashindwa. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Alivua kofia, akaiweka mikononi mwa mzee.

Kidole kikampata nzi. Kikamgusa manyoya, kikarudia.

"Mkavu."

"Sikumrusha hata mara moja, baba. Nilimwona amekaa upande, nikamdharau."

Mzee alimchomoa nzi, akalinyoosha bawa kwa ukucha, akamtia mfukoni mwa shati lake mwenyewe.

"Kesho nishike mkono unifikishe kijitoni," alisema. "Nitamrusha mwenyewe."

"Sawa, baba," mkwe akajibu, macho chini. Angezabwa kofi ingekuwa nafuu.