Choo cha Uani

Mvua ilikuwa ikinyesha mjini Cork tangu alfajiri, na Ríona alikuwa bado anahamisha maboksi. Aliyatoa chumba cha mbele, akayapitisha jikoni, akayapanga ndani ya choo cha uani mpaka yakakaribia dari. Kulikuwa na sahani za bluu, taa ya mezani, mapazia ambayo hayajawahi kuona dirisha: vitu alivyonunua kidogo kidogo katika miaka yake tisa ya ualimu, akisubiri nyumba ya kuviweka. Alijiambia anasafisha tu, ili mgeni apate pa kukaa.

Nyumba ilikuwa ya Bi Nonie Lordan, kikongwe aliyefagia kwa miaka mingi shule anayofundisha Ríona. Mwezi Februari alianguka akavunjika nyonga, akapelekwa hospitali, kisha makao ya wazee. Nyumba isiyo na moto huliwa na unyevu, basi akamkabidhi Ríona funguo: awashe jiko, amlishe paka, alale bure. Hii haikuwa nyumba ya kwanza ya watu kwa Ríona kulinda. Alishalinda za wastaafu wanaokimbilia jua la Uhispania, na alishajifunza kuacha nguo zake ndani ya sanduku, maana cha mtu mavi. Wenyewe wakirudi, yeye hurudi Macroom kwa wazazi wake, kwenye kile kile chumba cha utotoni, ambamo sasa analala na watoto wawili wa dada yake. Ana miaka thelathini na tatu.

Lakini kwa Bi Nonie alijisahau. Alitundika nguo kabatini.

Mtaalamu wa hospitali alifika saa nne, mwanamke mpole aitwaye Mairéad, koti likimchuruzika maji. Alikuja kuona kama Bi Nonie anaweza kurudi kwake. Akikubaliwa, chumba cha pili cha juu, alimolala Ríona, kingekuwa cha mlezi wa kulipwa. Ríona alijua hilo vizuri kuliko somo lolote alilowahi kufundisha.

"Kitanda tunaweza kukiweka hapa mbele," Mairéad alisema, akinywa chai. "Ngazi hizo hataziweza. Choo kiko juu tu?"

"Bafu liko juu, ndiyo."

"Mwenyewe ananiambia kuna kingine uani. Ameshikilia hapo hapo kila nikimwona."

Ríona alifuta meza ambayo ilikuwa safi. "Pale ni stoo," alisema.

Mairéad alikwenda hadi mlango wa nyuma, akavuta ule wa choo, akaona ukuta wa maboksi. Akaufunga.

"Kwa hiyo hakuna."

"Labda anakumbuka zamani," Ríona alisema. "Siku hizi anachanganya mambo kidogo."

Hakujua neno hilo la mwisho limetoka wapi. Alitaka kulirudisha, akafungua mdomo kabisa, lakini Mairéad alishaanza kuvaa koti. "Masikini," Mairéad alisema. "Huwa inaanza hivyo hivyo." Ríona alimsindikiza mpaka getini, akarudi, akakaa jikoni huku uso ukimwaka kwa aibu. Maboksi hakuyatoa.

Jumapili alikwenda makao ya wazee na zabibu. Bi Nonie alikuwa kitini karibu na dirisha, amechanwa nywele na mtu asiyejua anapenda zilazwe upande gani.

"Wanasema akili yangu imeanza kucheza," Bi Nonie alisema. "Walinikalisha wakaniuliza leo siku gani, kama mtoto wa chekechea. Hebu nitazame, mwanangu. Unanionaje?"

"Umechoka tu, Bi Nonie."

"Nimewaambia choo kipo! Nimekitumia tangu naolewa. Wananitazama hivi, wanaitikia, 'Sawa, Nonie, sawa.' Ukiitikiwa hivyo ujue umeshazikwa." Alicheka, kisha akamshika Ríona mkono. "Wewe unakijua. Nenda ukawaambie."

"Nitawaambia," Ríona alisema, akammenyea zabibu moja baada ya nyingine, ingawa zabibu hazimenywi. Nafsi ilimsuta njia nzima ya kurudi. Usiku ule alilala vizuri, na kulala vizuri huko ndiko kulikomtesa zaidi asubuhi.

Wiki chache baadaye Finbarr, mpwa wa Bi Nonie, alipiga simu kutoka Dublin.

"Shangazi harudi tena, na gharama za makao zinatumeza. Nyumba tunaipangisha."

"Nipangishe mimi, Finbarr. Nimo humu tayari."

"Ningependa. Lakini bei ni ya soko, unaelewa. Jipange foleni na wenzako, dalali ataamua."

Jumamosi foleni ilianzia mlangoni, ikashuka kilima chote mpaka kwenye kona ya baa. Kulikuwa na wauguzi, mafundi, wachumba walioshikana mikono, mama mwenye kichanga, kila mmoja na bahasha yake. Ríona alitoka kwa mlango wa mbele wa nyumba anayolala, akaenda kusimama nyuma ya watu wote. Kijana mmoja alimwambia, "Umeshatoka, dada? Pakoje?" Akamjibu pana unyevu, akaona haya tena.

Zamu yake ilipofika, dalali, kijana mdogo kuliko yeye, alikuwa ameketi kwenye kiti cha Bi Nonie.

"Mshahara wako unafika kwa kujikunja," alisema. "Mwenye nyumba wako wa mwisho nani? Nataka kumsikia mwenyewe. Wenzako hapo nje wote wana wadhamini."

Ríona hakuwa na mwingine wa kumtaja. Alitaja namba ya makao. Dalali akaweka simu mezani, sauti wazi.

"Bi Lordan? Nakupigia kuhusu nyumba yako, na huyu Ríona."

"Ya nyumba!" Sauti ilipanda ghafla. "Nilijua mtapiga. Amewaambia? Kile choo cha uani, mmekiona?"

Dalali aliinua kichwa. "Kuna choo kingine?"

"Muulizeni huyo mtoto. Ríona hasemi uongo."

Dalali alimtazama. Nyuma ya Ríona, kwenye kizingiti, yule mama alikuwa anahamisha kichanga bega hadi bega.

"Kipo?"

"Kipo," Ríona alisema. "Kinafanya kazi. Nimeweka vitu vyangu tu."

"Mbona hukusema mapema!" Dalali alitabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo, akachukua kalamu, akaipiga mstari bei ya kodi iliyokuwa kwenye tangazo, akaandika nyingine ya juu zaidi. Akaligeuza tangazo upande wa Ríona, asome.

"Umemsikia?" Bi Nonie alikuwa anasema kwenye simu pale mezani, akilia na kucheka. "Mungu ambariki. Nimeshavaa viatu. Sasa nani anakuja kunichukua?"