Vifungo vya Droo

Wifi yangu alipong'ang'ania ile programu ya tatu, nikajua kuna jambo. Mtu ambaye miezi minne droo yake haijakaa sawa hata wiki moja, leo ndiye anayetaka mahesabu yasiyofutika? Mimi si mtoto mdogo.

Tunashona sare za shule. Mimi nakata na kumalizia. Yeye anapokea wateja na kushika daftari. Sheria ya droo tuliiweka siku ya kwanza kabisa: ukichukua pesa ya uzi au nauli, acha kifungo mahali pake. Cheupe ni elfu moja, cheusi ni elfu tano. Jioni wifi anahesabu vifungo, anaandika matumizi, anavirudisha kwenye kopo la vifungo. Tuliishi vizuri hivyo mpaka pesa zikaanza kupungua, mara elfu tatu, mara elfu saba, bila kifungo cha kuzieleza. Daftari analo nani? Ufunguo anao nani? Nikawa namtazama mikono tu.

Muuza programu za mahesabu alikuja na kompyuta yake na maneno mengi. Ya kwanza ilikuwa ya viwanda, ilitaka mishahara ya watu hamsini. Sisi tuko wawili. Ya pili unaandika mara moja jioni, ukikosea unafuta. Hiyo niliipenda, hata bei yake. Ya tatu, kila mtu anaandika kwenye simu yake hapo hapo anapochukua, kwa namba yake ya siri. Saa inaonekana, na kosa ukilisahihisha linabaki limeandikwa.

"Hii hii," wifi akasema.

"Ghali, wifi."

"Nikate kwenye mshahara wangu."

Nani analipia kuchungwa? Lazima kuna mlango wa nyuma mle ndani, na huyu bwana wa kompyuta kamwonyesha.

Tukapewa wiki moja ya kujaribu bure. Vifungo vikakaa koponi, kila mmoja akaandika kwenye simu. Jumatatu droo ikawa sawa. Jumanne sawa. Ijumaa jioni haikupungua hata senti, na mimi nikakasirika kuliko siku zote, maana sasa nilikuwa na uhakika: amejua anaonekana, ameacha. Usiku ule nilipanga maneno ya kumwachisha kazi. Kaka yake, yaani mume wangu, ningemweleza baadaye.

Jumamosi mchana mama mmoja akaja kuchukua shati la mwanawe. Lilikuwa limebakiza kifungo kimoja kushonwa. Nikamwomba asubiri kidogo mlangoni, nikavuta droo kwa mkono wa kushoto, nikapapasa bila kutazama. Noti tupu. Nikapapasa tena.

"Vifungo viko koponi, wifi," wifi yangu akasema taratibu. "Siku hizi droo haina."

Nikainua macho. Kopo liko juu ya kabati, upande wa pili wa chumba. Droo iko hapa kiunoni pangu. Kila nilipopungukiwa kifungo nimevuta droo hii, nikashona, nikakunja shati, nikasahau. Elfu moja kwenye mashati, elfu tano kwenye sketi nyeusi. Pesa za matumizi yetu halali nimezishonea watoto wa watu, wakaenda nazo shule.

Nikaifunga droo.

"Ulikuwa unajua?" nikamnong'oneza.

"Nimejua leo, kama wewe. Mimi nilichojua ni kwamba siibi." Akashusha kopo, akaniwekea kifungo cheupe mbele yangu. "Duka la mapazia wameniita, naanza Jumatatu. Nilitaka wiki moja tu ya kuonekana, nisitoke hapa na jina la mwizi."

"Wifi, usiende. Nisamehe."

Akaweka ufunguo wa droo kando ya kile kifungo.

"Shona," akasema. "Mama wa watu anasubiri."