Zamu Yangu kwa Jina la Kidoti

Maneno yote ya video zetu za uzazi wa mpango nayaandika mimi. Vidonge, sindano, kipandikizi, hata utani wa kuwatoa vijana aibu, vyote vinatoka kichwani mwangu. Kidoti anakariri, anatabasamu mbele ya simu, basi. Wafuasi elfu arobaini wanamwita "dada yetu". Nimechumia juani, kivulini anakula yeye, na sifichi: wivu ulikuwa unanichoma.

Ukurasa ni mmoja, waelimishaji ni wanne: mimi, Kidoti na wavulana wawili. Nesi wa zahanati, msimamizi wetu, ana sharti moja: aliye zamu ndiye anayejibu, na anaweka jina lake. Jumamosi hiyo zamu ilikuwa yangu. Nilikuwa nyumbani, saa nane mchana, ujumbe ukaingia kutoka akaunti isiyo na picha.

"Namtaka Kidoti tu. Mwingine asijibu."

Kidoti, Kidoti! Kwani sisi wengine tumekuja kumsindikiza? Nikaandika, "Kidoti hapa." Nilitaka nionje kidogo utamu wa kuwa yeye.

"Dada, kondomu ilipasuka juzi. Nimechelewa?"

"Hujachelewa. Kuna vidonge vya dharura. Siku tatu zisipite, na mapema ndiyo bora. Zahanati inafunga saa kumi, kesho hawafungui. Nenda leo."

"Naogopa. Dada yangu yuko humo kwenu. Akijua, nimekwisha."

Kidoti ni mziwanda kwao. Msichana mwingine kwenye kundi letu ni mimi. Chumba cha pili, mdogo wangu wa kike alikuwa amefunga mlango tangu asubuhi.

Nikauliza, "Kwani dada yako ni mkali?"

"Hapana. Ila ukimuuliza kitu anakutazama kama umefeli mtihani. Wewe maneno yako yananipa moyo."

Maneno yangu! Nilitamani niupige teke ule mlango nimwambie ni yangu yote, hata nukta. Lakini nikimgongea atakana, na saa kumi itafika.

Nikaandika, "Toka sasa hivi. Dada yako sitamwambia."

"Asante Kidoti. Ningekuwa na dada kama wewe!"

Sijawahi kumchukia Kidoti kama dakika ile.

Mlango ukafunguliwa. Mdogo wangu akasimama kizingitini kwangu, viatu mkononi.

"Dada, natoka kidogo."

"Haya," nikasema. Niliinamia simu, sikuinua uso, nisije nikamtazama vile.