Heriel Huja Kisagio Kikizunguka

Jumanne alasiri Melania alikuwa amekaa kwenye kigoda, katika duka la laoban mmoja, ndivyo Wachina wanavyomwita mwenye duka, mtaa wa Huanshi Zhonglu, akijaribu visagio vya umeme. Vilijaa kaunta nzima, vya plastiki na vya chuma, na kila boksi lilikuwa na picha ya jani la bangi iliyopigwa kwa rangi ya dhahabu, maana wateja wake wako nchi za mbali, huko ambako bangi inauzwa dukani na mtu anapewa risiti. Melania ndiye wakala wao hapa Guangzhou. Huwachagulia mashine, huzikagua, huzipakia kwenye kontena. Mwenyewe hajawahi kuvuta kitu zaidi ya moshi wa kuni jikoni kwa mama yake, Kibosho.

Bangi yenyewe hapa China hakuna anayethubutu hata kuitaja kwa sauti, kwa hiyo alijaribia mchaichai mkavu aliotoka nao nyumbani. Wenzake hujaribia majani ya chai, halafu mzigo ukifika wanalia. Mchaichai una nyuzi, unajizungusha kwenye visu kama nywele kwenye chanuo. Mashine ikiumudu huo, hakuna jani litakaloishinda.

Alijaza nusu, akafunga kifuniko, akabonyeza. Visu vikazunguka, na mdogo wake Heriel akawa amekaa juu ya boksi la mzigo, na sare yake ya gerezani ya rangi ya chungwa na kandambili miguuni.

“Shikamoo, dada.”

“Marahaba. Umekula?”

“Bado. Zamu yetu haijafika.”

Laoban, mama mmoja mnene mwenye roho nzuri, alimmiminia chai kama anavyommiminia kila anayekaa dukani kwake. Heriel akapiga mafunda mawili. Melania alipoachia kitufe, visu vilisimama, na juu ya boksi kikabaki kikombe peke yake.

“Mota yake si mbaya,” Melania akasema, akasogeza mashine ya pili.

Heriel alikuwa anatumikia kifungo huko nyumbani, kusini kabisa mwa nchi, kwa misokoto miwili aliyokutwa nayo mfukoni. Misokoto, jamani, si magunia! Mama yao magoti yalishamwisha, safari ya mabasi mpaka huko haiwezi, na tangu mwanawe apelekwe hajamtia machoni. Kila akipiga simu ni neno lile lile: “Nataka niwaone wanangu wawili mmekaa pamoja, kabla hamjanizika.” Akishakata, Melania huingia bafuni, akafungulia maji, akalia. Leo, alipomwona Heriel akinywa chai, furaha ilimpanda. Kilichobaki ni kupata mashine itakayomkalisha ndugu yake muda wa simu ya video na mama, na mama huyo hajui salamu fupi.

Basi akachagua kweli kweli. Ile ya bei ya kutupa ilimleta Heriel kiwiliwili tu, miguu ikabaki gerezani. “Dada, hii feki,” akasema, akiegemea kaunta kwa viwiko. Ya betri ilimleta amepauka, sauti inakwenda na kurudi, mpaka Melania alipokumbuka haikuwa na chaji. Ya taa za rangi ilimleta uso unawaka bluu mara kijani, akacheka mpaka laoban naye akacheka, lakini ikapata moto na kujizima kabla hajamaliza kucheka. Mwisho wakafika kwenye moja ya chuma, nzito, ya kuchomeka ukutani, haina urembo wowote. Heriel akaja mzima, mpaka na kovu lake la kidevuni.

“Hii,” wakasema wote wawili, na Melania akailipia.

Jioni afande Eliudi wa gerezani akapiga simu. “Dada, ndugu yako leo hakuonekana kwenye hesabu mara kadhaa. Tumeandika alikwenda kwa dada yake, China. Hizo dakika zinaongezwa mwisho wa kifungo. Ndio utaratibu.”

“Nimekuelewa, afande.” Alipomwambia Heriel kesho yake, Heriel akasema, “Waongeze. Kwani nina ratiba gani?” Mama hakuambiwa.

Melania akaitunza mashine ile kama yai. Hakuijaza pomoni, hakutia jani bichi, hakuisukuma mfululizo. Anabonyeza, anaachia, anaiacha ipumue. Ila Jumamosi aliiacha ofisini kwake, jengo la Tianxiu, akashuka kutafuta brashi, na jirani yake Swalha, Mzanzibari wa chumba cha pili, akaingia akaiona. Swalha ni mtu wa kusaidia hata asipoombwa. Aliyaona yale meno ya chuma yalivyo makavu, akayaonea huruma, akayapaka mafuta ya nazi, mengi.

Jumapili jioni ya Guangzhou ni saa ambayo Kibosho watu wanatoka kanisani. Mama alitokea kwenye simu na kilemba chake cha ibada. Swalha alileta sinia la pilau. Melania akabonyeza, unga wa mchaichai ukagandamana na mafuta kuwa tope, visu vikajikokota, na Heriel akaja taratibu, mdomo unafunguka kwa shida.

“Shii... kaa... moo... maa...”

“Amelewa huyo?” mama akauliza.

“Shoga, umeipaka nini?” Melania akamgeukia Swalha.

“Nazi tu! Nazi imemdhuru nani?”

Melania akachomoa waya, akafungua, akasugua meno kwa brashi. Swalha akayafuta moja moja kwa pamba na spiriti, huku akiomba Mungu amsamehe yeye na nazi zake. Maji hayakuguswa, maana mota ikinywa maji ndiyo basi tena. Mama aliwasubiri, akiwasimulia jinsi ng'ombe alivyozaa ndama mwenye baka. Melania hakusikia hata neno, roho ilikuwa mkononi. Spiriti ilipokauka, akatia mchaichai mpya, nusu, akabonyeza.

Heriel akakaa kwenye kiti karibu naye, mzima. “Shikamoo, mama.”

Mama alisogeza uso karibu na simu. Halafu akasema, “Mbona hukunyoa?” na machozi yakamtoka, na Heriel yakamtoka, na Swalha ambaye hakuhusika kabisa akalia kuliko wote. Wakala pilau. Mama akawaombea chakula kilichokwisha nusu. Mashine ilipopata joto Melania aliachia ipoe, Heriel akaondoka na tonge mkononi, na alipobonyeza tena Heriel alirudi akitafuna. Kwenye mapengo hayo mama alipata nafasi ya kupenga kamasi. Walicheka mpaka giza likaingia Tianxiu.

Kesho yake afande Eliudi akapiga. Dakika zilikuwa zimeongezwa. Halafu akakohoa, akasema wenzake Heriel wa selo moja, wote wa kesi ya aina hiyo hiyo, wanauliza kama dada ana mashine nyingine. Melania akarudi kwa laoban na toroli. Jumapili iliyofuata aliazima viti ghorofa nzima, Swalha akapika sufuria la harusini, mashine zikabonyezwa, vijana wa selo wakajaa vitini, na simu zikasimamishwa dirishani mstari mmoja, mama wa Tarime, mama wa Songea, bibi wa Singida, kila mmoja anamwita wake kwa jina la utotoni.

Mashine zilipozimwa, viti vikabaki vitupu. Mama alikuwa bado yuko hewani.

“Atatoka lini moja kwa moja?” akauliza.

Melania akaona kuficha hakufai tena. Akamweleza habari ya dakika.

“Kwa hiyo kila nikimwona, anachelewa kurudi.”

“Ndiyo, mama.”

Mama akafungua kilemba, akakifunga upya, polepole.

“Jumapili mpikieni ndizi za machalari,” akasema. “Na mimi nitawahi kutoka kanisani.”